Saba, Kimya, Tisa

Nane zangu ni mbaya hadi leo. Watu wengine huziandika kwa mkono mmoja usiokatika, zikasimama kama kibuyu. Zangu huanza vizuri juu, zikifika kiunoni zinajikwaa, na chini zinabaki wazi kama gunia lililosahauliwa kufungwa. Mwalimu wetu wa hesabu wa kidato cha pili, kule Kigoma mjini, alizitazama siku moja juu ya bega langu akauliza kama nilikuwa nachora au naandika.

"Naandika, mwalimu."

"Na hii ni nini?"

"Nane."

"Hii ni mbuzi amelala. Njoo ubaoni."

Pale ubaoni akaandika 12345679. Mwenzetu mmoja wa dawati la mbele, wa aina ambayo kila darasa hupewa mmoja kwa ajili ya kusahihisha walimu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umeruka nane."

"Sikuiruka. Haimo. Namba hii haina nane, na huyu mwenzenu hana nane, kwa hiyo wanafaana. Haya bwana, izidishe kwa sabini na mbili."

Nikazidisha. Ilinichukua muda, chaki ikanivunjikia mara mbili, na jibu likatoka 888888888. Nane tisa, zimepangwa mstari, zote za mkono wangu, zote mbuzi waliolala. Darasa likacheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Mwalimu wetu akaeleza ujanja wake: chukua tarakimu unayoiandika vibaya, iwe yoyote, izidishe kwanza kwa tisa, kisha kwa jibu hilo zidisha namba ile isiyo na nane. Mwenye tano mbaya atumie arobaini na tano, atapata tano tupu. Mwenye tatu mbaya, ishirini na saba. Namba inakurudishia aibu yako mara tisa.

Wenzangu walidhani nimesimama kimya pale kwa kuona haya. Kusema kweli nilikuwa nashangaa tu. Sikuwahi kuona nane nyingi namna ile mahali pamoja. Nyumbani kwetu hata moja haikuruhusiwa.

Sisi ni watu tuliotoka ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi, na kwetu mtoto anaweza kupewa jina la namba yake. Wa saba anaitwa kwa saba, wa nane kwa nane, wa tisa kwa tisa. Nadhani mzazi akishafika huko anakuwa amechoka kubuni majina. Mimi ni wa tisa na wa mwisho. Kaka yangu aliyenitangulia alikuwa wa nane, na jina lake lilikuwa karibu neno lile lile ambalo mama alilitumia kuhesabia ndizi. Tulivuka kuingia Tanzania katikati ya miaka ya sitini, mimi nikiwa bado wa kufutwa kamasi, na kaka yangu akapotea mtoni. Mwili haukuonekana. Tangu siku ile jina lake halikutajwa nyumbani kwetu Makere, na kwa kuwa jina lake lilikuwa namba, namba nayo ikanyamaza.

Mama akihesabu mikungu, viazi, au mafungu ya maharage ya kupeleka sokoni, alihesabu kwa Kirundi, taratibu, kidole kikigusa kila kimoja. Gatanu, gatandatu, indwi: tano, sita, saba. Hapo kidole kiligusa kinachofuata na midomo ikafungwa. Kisha icenda, tisa. Mwezi wa nane tuliuita mwezi wa vumbi. Redio ya jirani ikisema saa nane mchana, sisi tulisema jua limeanza kuinama. Hakuna aliyetufundisha haya. Yalikuwa nyumbani kama moshi ulivyokuwa jikoni.

Mimi, kwa akili yangu ya kitinda mimba, nilijifunza kuhesabu kwa masikio, mkono sikuutazama. Darasa la kwanza mwalimu alinisimamisha nihesabu hadi kumi, nikasema kwa Kiswahili safi nilichokiokota kwa dada zangu: sita, saba, tisa, kumi. Nilimaliza mapema kuliko wote, nikakaa.

"Simama," akasema mwalimu. "Nane umeila?"

"Hatunayo, mwalimu."

Fimbo nilizochapwa nilizihesabu kimoyomoyo, nazo nikazikosea kwa njia ile ile. Watoto wa Makere walinifuata hadi mtoni siku kadhaa wakiimba saba-tisa, saba-tisa. Nilipomshitakia mama alinipa kiazi cha moto, akasema, "Shuleni sema wanavyosema. Hapa nyamaza wanavyonyamaza." Nikaona ni mpango mzuri, hasa kwa sababu ya kiazi.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilimaliza kidato cha nne. Matokeo yangu hayakumfurahisha mtu wala kumhuzunisha. Wenzangu walikwenda Tabora, Mwanza, Dar es Salaam. Mimi nilipanda basi hadi Kasulu na sanduku langu la mbao, nikapata lori hadi Makere, nikaingia jikoni nikakaa. Mama aliniita msomi wa mafigani. Wageni wakiuliza ninafanya kazi gani alijibu kwamba ninalinda majivu yasiibiwe. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Kuna watu wanaozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kigoda.

Baba wakati huo alikuwa mgonjwa wa kifua. Hospitali ya Kasulu walimpa vidonge, na tulipouliza atapona lini walitazama pembeni. Alikuwa analala kwenye mkeka sebuleni, mlango wazi, aone ua na mlango wa jiko upande wa pili. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Rungwe Mpya alikoolewa ili amuuguze. Na baba, alipojua kwamba hatashona tena jamvi lingine, alianza kudai jambo moja tu: kilio cha wa nane kifungwe.

Kwetu msiba una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Wa kutokea tunauita kuganduka. Pombe ya mtama inapikwa, watu wananyoa na kuoga, baba na mama wa marehemu wanakunywa chungu kimoja kwa mirija miwili, na kuanzia hapo jina lake linaweza kutajwa tena, kama jina la mtu aliyekuwepo akaondoka. Sisi ni Wakristo, na katekista angejifanya hajasikia harufu ya pombe. Shida haikuwa katekista. Shida ilikuwa mrija wa pili, na mwenye mrija huo alikuwa mama.

"Mama watoto," baba alimwambia, mimi na dada tukisikia, "siwezi kulazwa chini juu ya kilio kilichoachwa wazi. Nitakaa mlangoni huko niendako, si ndani, si nje."

"Nani kakwambia amekufa?"

"Miaka yote hii."

"Miaka haiui mtu."

"Mto unaua."

"Uliuona ukimla?"

Baba akakohoa. Mama akaendelea kupeta maharage. Mazungumzo yao yalikuwa yanaishia hapo kila mara, kwenye kikohozi na ungo.

Sasa, likizo moja nikiwa bado mwanafunzi nilikuwa nimemwonyesha baba ile namba ya mwalimu, ili acheke. Hakucheka sana, lakini aliihifadhi. Mchana mmoja akaniita karibu na mkeka.

"Ile namba yako iliyomwacha mmoja. Mwonyeshe mama yako."

"Baba, ule ni mchezo wa ubaoni."

"Anaheshimu hesabu kuliko anavyomheshimu katekista. Mwonyeshe kwamba namba inaweza kumwacha mmoja nyuma na bado ikatoka sawa. Mimi nimeshasema kwa maneno yakaisha."

Dada, aliyekuwa anachambua mboga kizingitini, akasema bila kuinua kichwa, "Kidato cha nne hatimaye kimepata kazi."

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika kwenye mlango wa jiko, kwa tarakimu kubwa: 12345679. Mama akasimama na ungo wake. Hakujua kusoma, ila tarakimu za sokoni alizijua zote. Macho yake yalipita kutoka moja hadi saba, yakasimama, yakaruka kwenye tisa. Akakaa.

"Endelea," akasema.

"Nitaizidisha kwa tisa, mama. Naanzia mwisho. Tisa mara tisa ni themanini na moja. Naandika moja, nashika..."

Hapo ndipo nilipogundua upumbavu wangu. Nilikuwa nimezidisha namba ile shuleni na likizoni, kimya kimya. Sikuwahi kuizidisha kwa sauti. Hakuna njia ya kuizidisha kwa tisa bila kuanzia hapo. Hatua ya kwanza kabisa, kabla ya nyingine zote, ni lile neno. Mikono ya dada ilisimama juu ya mboga. Sebuleni baba alizuia pumzi, nikalisikia hilo kuliko ningesikia kikohozi.

"Unashika ngapi?" mama akauliza.

"Nane, mama."

Sikumbuki kuku yeyote aliyepita, wala upepo. Nakumbuka mama alitazama ungo wake kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya maharage.

"Basi endelea," akasema. "Hesabu haiachwi njiani."

Nikaendelea kama mwanakwaya aliyechelewa kufika. Saba mara tisa, sitini na tatu, na nane niliyoishika, sabini na moja. Naandika moja, nashika saba. Sita mara tisa, hamsini na nne, na saba, sitini na moja. Naandika moja, nashika sita. Hivyo hivyo hadi mwisho, kila hatua ikiacha moja mlangoni. Nilipomaliza zilikuwa zimejipanga 111111111, zimenyooka kama fito za uzio.

"Umeona, mama," nikasema. "Haina... ile. Lakini jibu limetoka sawa. Wote moja moja. Hakuna aliyepungukiwa."

"Namba imemwacha mmoja nyuma," baba akasema kutoka mkekani, "na nyumba imesimama."

Mama akainuka. Akaweka ungo chini, akaenda mlangoni, akaanza kuhesabu fito zangu, kidole kikigusa kila moja. Gatatu, kane, gatanu. Gatandatu, indwi. Kidole kikagusa inayofuata, midomo imefungwa. Icenda. Wakati ule, nikiwa na vyeti vyangu vyote, ndipo nilipouona mkono wake kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kuruka. Miaka yote aligusa. Mimi ndiye niliyeruka, nikachapwa kwa haki.

"Ziko tisa," akasema.

"Ndiyo, mama. Tarakimu tisa."

"Na za juu ulizoanza nazo?"

Nikahesabu, ingawa nilijua. "Hizo... ziko saba na moja."

"Kwa hiyo umemwacha mmoja nje, ukahesabu, na wametoka wote tisa. Huyu aliyerudi ni nani?"

"Mama, hizi ni tarakimu, si watu."

"Mimi sikusoma. Nilizaa tisa, na mlango wangu unasema tisa. Asante kwa kunisaidia." Akauchukua ungo wake.

Baba alianza kucheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyenunua jogoo akaambiwa ni tetea, kisha kicheko kikashuka kifuani kikawa kitu kingine, na dada akakimbia kumwinua mabega. Alipotulia, uso wake ukiwa na rangi ya jivu, aliniambia, "Shule yako imenishinda." Nilitaka kuufuta mlango. Mama akakataa usiguswe.

Kesho yake akatangaza kwamba tunakwenda Kibondo, mimi na yeye.

Kila kiangazi mama alikwenda Kibondo. Watu tuliovuka nao siku ile walifikia upande huo kwanza, kabla ya kutawanyika, na mjini kulikuwa na mwenye duka la chumvi na kanga, mzee mwenye asili ya pwani, ambaye mama alimwachia ujumbe: akija mtoto anayetafuta watu wake, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto, aambiwe tuko Makere. Mwaka tuliohamishwa kutoka bondeni, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, mama alikwenda mara ya pili mwaka uo huo kurekebisha maelekezo, maana mtoto angekuta mahame. Dada zangu walikuwa wakimsindikiza kwa zamu. Mimi, ambaye kwenda kisimani nilikuita safari, nilikuwa na udhuru kila zamu yangu ilipofika.

Tulikwenda juu ya lori la mahindi. Tulipofika tulikuwa wekundu kama matofali, na mzee wa duka alitukung'utia vumbi kwa kipande cha kanga kabla ya kutukaribisha viti.

"Karibu, mama yangu. Na huyu mlingoti?"

"Wa tisa."

"Yule wa mgongoni? Subhanallah. Umemlisha nini, miwa?"

"Majivu," mama akasema. "Halimi."

Wakacheka wote wawili, wakanitazama kama watu wanaotathmini mbuzi. Kisha mama akamtazama yeye tu, na mzee akaacha kucheka. Alichukua muda akipanga pakiti za chumvi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Mama yangu, sisi ni wazee, acha nikwambie. Kila mwaka nikikuona nafurahi, na kila mwaka ukiondoka siku yangu imeharibika. Unaniambia mtoto. Hakuna mtoto. Akija leo atakuja mwanamume mwenye ndevu, amevaa shati la mikono mirefu, atanunua chumvi, nitamrudishia chenji, ataondoka. Sitamjua. Na wewe ukiwa umekaa hapo hapo ulipokaa, hutamjua."

"Kovu halioti ndevu," mama akasema.

"Kweli. Halioti."

Akatupa chumvi akakataa malipo. Tukaenda stendi ya malori. Palikuwa na vijana wengi pale, wapakiaji, wamefunga mashati viunoni. Nikaona macho ya mama yanakwenda kwenye mkono wa kushoto wa mmoja, kisha wa mwingine, kisha wa mwingine. Hakuwa akitazama nyuso kabisa. Nikafahamu kwamba ndivyo alivyotazama watu sokoni Kasulu, kanisani, kwenye mikutano ya kijiji, miaka yote, na mimi nikidhani ni mtu wa kuinamisha macho kwa heshima.

Tulimkuta baba amepungua. Alikuwa sasa anasema maneno machache, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, kwa hiyo hata ua hakuuona vizuri, ila mlango wa jiko ulikuwa unaonekana katikati ya michirizi, na mkaa wangu juu yake.

"Kwa nini haina?" akaniuliza mchana mmoja.

"Haina nini, baba?"

"Namba yako. Zingine zote zimo, kwa mpangilio. Kwa nini hiyo tu?"

Sikujua. Mwalimu hakutuambia, na mimi sikuwa mwanafunzi wa kuuliza kitu ambacho hakitatoka kwenye mtihani. Lakini baba alikuwa anasubiri, na hapakuwa na kingine cha kumpa. Nikachukua kipande cha boksi na penseli, nikaamua kurudi kinyumenyume: nichukue zile moja tisa nizigawanye kwa tisa, nione nane inapotelea wapi.

"Kumi na moja kwa tisa," nikasema, nikiandika pale mkekani ili aone, "inaingia moja, inabaki mbili. Nashusha moja, inakuwa ishirini na moja. Inaingia mbili, inabaki tatu. Thelathini na moja, inaingia tatu, inabaki nne. Unaona, baba, zinapanda kama ngazi. Inaingia sita, inabaki saba. Sabini na moja: inaingia saba, inabaki nane. Nashusha moja ya mwisho, themanini na moja."

"Sasa ni zamu yake," baba akasema.

"Ndiyo. Zamu ya nane. Ikiingia nane inabaki tisa." Nikasimama hapo, penseli juu. "Lakini tisa haiwezi kubaki. Tisa ni fungu zima, nalo linaingia. Kwa hiyo pale pa nane panaandikwa tisa, na hakibaki kitu."

Nilifurahi, nakiri. Ilikuwa mara ya kwanza hesabu kunionyesha uso wake. Nilimgeukia baba nikitegemea neno la sifa, nikakuta anatazama dari.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema.

"Nini, baba?"

"Mtoni. Wakubwa walivuka wenyewe, wameshikana. Wadogo nilikuwa nawabeba mabegani mmoja mmoja, kwa zamu zao. Kulikuwa na ukungu, watu wengi, kila mtu anataka kuvuka kabla jua halijatoka. Nilimvusha wa saba. Nikarudi. Ilikuwa zamu yake, ameshainua mikono nimbebe. Wewe ulikuwa unalia. Watu wakasema mnyamazisheni huyo, atatuletea askari. Basi nikakubeba wewe, na mama yako akaingia majini nyuma yangu amemshika mkono."

Nje, chini ya mchirizi wa paa, mama alikuwa anakinga maji ya mvua kwa masufuria. Nilikuwa nimesahau jinsi kuta zetu zilivyo nyembamba. Akaingia, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

"Mwambie yote," akasema.

"Nimemwambia."

"Hujamwambia. Hakukubeba kwa kuamua yeye," akanitazama mimi sasa. "Mimi ndiye niliyesema, mbebe wa tisa kwanza. Yeye alishainama ili ampandishe mwenzako. Nikasema, huyo ni mkubwa, nitamshika."

"Mama watoto, sijawahi kukulaumu."

"Najua. Ndiyo maana sinywi hiyo pombe yako. Wewe ukinywa, umezika mtoto. Mimi nikinywa, nimekubali kwamba nilichagua."

Akatoka kwenda kubadilisha sufuria, maana iliyokuwa chini ya mchirizi ilikuwa imejaa na maji yalikuwa yanamwagika kwa sauti. Baba akafumba macho. Mimi nilibaki na boksi langu magotini. Watu wengi hutamani kujua kama wamechaguliwa kwa ajili ya kitu fulani duniani. Mimi nilikuwa nimeambiwa, na nilipojitazama, nilikuwa kijana mwenye masizi ya jikoni kwenye suruali, ambaye hata lori la Kibondo lilimtia kichefuchefu.

Baba alifariki mvua zikiwa bado zinanyesha. Mlango wa kilio cha kaka ulikuwa bado wazi. Alikuwa ameacha kudai. Siku za mwisho alimwomba mama maji tu, na mama alimnywesha kwa mrija, kwa kuwa hakuweza tena kuinua kichwa.

Tulimzika kwenye mteremko nyuma ya migomba. Watoto wote tulikuwepo, waliokuwa karibu na waliotoka mbali. Katekista alipomaliza, mama akachuchumaa kwenye lundo la udongo, ule mwekundu wetu unaoshika vidole ukilowa. Alituita kwa mpangilio tuliozaliwa, akawa anachota kwa kiganja na kumwekea kila mmoja mkononi ili atupe. Dada akatupa wa kwanza. Mama alihesabu kwa sauti ya chini, kama anavyohesabu viazi. Kane. Gatanu. Gatandatu. Wa saba akapokea, akatupa, akasogea pembeni. Mimi nikasogea mbele, mikono imekingwa, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea: baada ya saba ni kimya, kisha mimi.

Mama akachota. Hakunipa. Alisimama na ule udongo kiganjani, akalisema lile neno. Alilisema kwa sauti ya kawaida, jina na namba kwa pamoja, kama mtu anayemwita mtoto aje ale.

"Na huyu," akasema akitazama chini kaburini. "Baba watoto, ulisema yuko huko. Haya, mtafute huko. Mimi huku nimetafuta."

Akautupa mwenyewe.

Dada aliweka kanga mdomoni. Nilisubiri, mikono bado imekingwa, lakini mama alikuwa ameshakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, viganja vyekundu vimelala juu ya mapaja, hachoti tena. Watu walikuwa wananitazama. Basi nikainama, nikachota mwenyewe.